Nani Ameshindwa?

Jumamosi, tarehe 29 Juni 2024, zikiwa zimebaki siku nane kufika Siku ya Kiswahili Duniani, chama chetu kiliitisha kikao cha maandalizi. Kumbukumbu za kikao zitasema hivyo, na mweka hazina anazo risiti za maandazi na majani ya chai za kuthibitisha. Ukweli ni kwamba ajenda ilifika kipengele cha pili tu. Saa kumi na nusu jioni mmoja wetu aliwasha televisheni ya ukumbi mdogo wa makazi ya wanafunzi hapa Braamfontein, ambako tulikuwa tumejikunyata kuzunguka hita moja isiyotosha, na kule Bridgetown, Barbados, Afrika Kusini na India zilikuwa zinaanza fainali ya Kombe la Dunia la kriketi ya ova 20. Tangu hapo hakuna aliyeuliza tena ni nani atakayebeba bango tarehe 7 Julai.

Matokeo mnayajua. Tutayarudia hata hivyo, kwa sababu kilichotokea ukumbini baada ya mpira wa mwisho ndicho kilichotufanya tuiache mada tuliyowaahidi katika toleo lililopita. Wenye hamu ya ngeli ya U-I watuvumilie.

Kwanza maelezo mafupi kwa wanachama waliolelewa na kandanda peke yake, ambao ndio wengi. Katika kriketi hii fupi kila timu hurushiwa mipira 120, yaani ova 20 za mipira sita sita. Timu ya kwanza hupiga na kukusanya mikimbio. Ya pili huifukuzia hesabu hiyo. Mpigaji akitolewa, wiketi imeanguka, na zikianguka kumi kazi imekwisha. Mengine yote, nayo ni mengi, mwulizeni katibu wetu. Yeye ni mzaliwa wa Soweto, na mjomba wake alikuwa Wanderers, hapa hapa Johannesburg, tarehe 12 Machi 2006, siku Australia walipopiga 434 na Afrika Kusini wakajibu kwa 438 ukiwa umebaki mpira mmoja. Mjomba huyo bado anaisimulia mechi ile kana kwamba mpira wa mwisho aliupiga yeye.

Uzito wa siku yetu ulitokana na historia. Timu ya wanaume ya Afrika Kusini haikuwa imewahi kufika fainali ya Kombe la Dunia, si ya ova 50 wala ya ova 20. (Katibu ametuagiza tuandike kwamba wanawake walitangulia: Februari 2023 walicheza fainali yao Newlands, Cape Town, wakashindwa na Australia kwa mikimbio 19. Tumeandika.) Wanaume walikuwa na nusu fainali za kusimulia tu, na kila moja ina jeraha lake. Sydney, 1992: walihitaji mikimbio 22 kwa mipira 13, mvua ikanyesha kidogo, na waliporudi uwanjani ubao ukasema 22 kwa mpira mmoja. Hesabu sahihi ilikuwa 21, kana kwamba hilo lingesaidia. Birmingham, 1999: walihitaji mkimbio mmoja, mipira mitatu bado ipo, Lance Klusener akakimbia, Allan Donald akachelewa kuondoka na bati likamdondoka. Sare, 213 kwa 213, na Australia wakapita.

Lakini ile inayotugusa zaidi sisi watu wa lugha ni ya Durban, tarehe 3 Machi 2003, na haikuwa hata nusu fainali. Afrika Kusini walikuwa wenyeji wa Kombe la Dunia, wakicheza na Sri Lanka mechi yao ya mwisho ya kundi, na mvua ilikuwa inakaribia. Mvua ikikaribia, hesabu hutazamwa kwenye karatasi. Karatasi ilionyesha idadi ya kufikia sare. Kambi ya wenyeji ikaisoma kuwa ni idadi ya kushinda. Mark Boucher akapiga sita, akafikisha 229, kisha mpira uliofuata akauzuia kwa upole akiamini kwamba kazi imekwisha. Mvua ikashuka. Idadi ile ya 229 ilikuwa sare, na sare ikamtoa mwenyeji katika sherehe yake mwenyewe. Mhadhiri wetu mmoja amesema atautumia mfano huu katika somo la kwanza la ufahamu muhula ujao.

Basi mwaka 2024 Afrika Kusini walifika fainali bila kupoteza mechi hata moja, nane kwa nane. Katika nusu fainali waliwatoa Afghanistan kwa mikimbio 56 tu. Mkisikia kwamba ukumbi ulijaa, msishangae.

India walianza kupiga. Keshav Maharaj aliwatoa Rohit Sharma na Rishabh Pant katika ova ya pili, na mwenzetu wa Lenasia akapiga simu kwa mama yake kumwambia tu, "Umeona?" India wakawa 34 kwa wiketi tatu. Kisha Virat Kohli akatulia hadi 76, Axar Patel akaongeza 47, na hesabu ikafika 176. Si ndogo, ila si ya kutisha.

Afrika Kusini walianza vibaya, wakajirekebisha. Halafu ikaja ova ya 15. Axar aliirusha, Heinrich Klaasen akaigeuza shamba lake: mikimbio 24 katika ova moja. Ukumbi wote ulikuwa umesimama, hata wale ambao saa mbili kabla walikuwa wanauliza kwa nini mtu mwenye glavu anakaa nyuma ya vijiti. Zikabaki ova tano, zikahitajika mikimbio 30 kwa mipira 30, wiketi sita zingalipo. Mweka hazina wetu, mtoto wa Kisumu, ambaye hajawahi kushika bati maishani, alipanda juu ya kiti akatangaza: "Jamani, tunahitaji 30 kwa mipira 30! Hii tumemaliza!"

Tunaomba muikumbuke sentensi hiyo. Tunahitaji. Tumemaliza.

Jasprit Bumrah akarusha ova ya 16 na kutoa mikimbio minne tu. Pant, mlinda wiketi wa India, akatibiwa goti, mchezo ukasimama kidogo, na mpira wa kwanza baada ya hapo Klaasen akaugusa kwa ukingo wa bati, akadakwa akiwa na 52. Bumrah akarudi kwa ova ya 18: mikimbio miwili na wiketi ya Marco Jansen. Ilipofika ova ya mwisho zilihitajika 16. Hardik Pandya akarusha, David Miller akaupiga juu, juu sana, na kwa sekunde mbili hivi tuliamini ni sita. Suryakumar Yadav akaukimbilia kwenye kamba ya mpaka, akaudaka, akaurusha hewani alipoona anavuka, akarudi ndani, akaudaka tena. Tumeiona picha ile mara nyingi tangu siku hiyo. Hajagusa kamba. Tumekubali, ingawa mmoja wetu bado anaomba irudiwe polepole.

Afrika Kusini 169. Tofauti, mikimbio saba.

Hakuna aliyezima televisheni. Wahindi walikuwa wanalia kwa furaha, Waafrika Kusini wameketi nyasini, na pale ukumbini kulikuwa na mlio wa hita tu. Ndipo katibu aliposema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, ingawa angeweza kusema kwa Kizulu na nusu ya chumba kingemwelewa: "Tumeshindwa."

Mweka hazina akamshika bega. "Poleni sana, dada," akasema. "Mmejitahidi. Mmeshindwa kwa heshima."

Katibu akageuka. Yuko mwaka wa pili wa Kiswahili, na kama wanafunzi wote wa mwaka wa pili anasikia viambishi kuliko sisi tuliozaliwa navyo. "Mme?" akauliza. "Bhuti, nusu saa iliyopita ulikuwa juu ya kiti unasema *tunahitaji*. Sasa nani ameshindwa?"

Tulicheka, kwa sababu tulidhani ni utani. Yeye hakucheka, akaanza kukusanya vikombe.

Sasa tuseme kweli. Mweka hazina hakuwa peke yake. Sisi tunaoandika safu hii, wa Mwanza na wa Mombasa, tulikuwa tumeshafanya hivyo hivyo. Mmoja wetu alikuwa tayari ameandika ujumbe kwa jamaa yake Dar es Salaam: "Hawa jamaa wamepoteza tena." Hawa jamaa! Kwa karibu saa nne nafsi ilikuwa ya kwanza wingi, na mpira mmoja ukaitupa hadi nafsi ya tatu, bila hata kupita kwa ya pili.

Wenzetu wakajaribu kurekebisha, na kila aliyejaribu alizidi kuharibu. Mweka hazina aliona dawa ni kueleza msiba wake mkubwa zaidi. Alizaliwa mwaka 2003, mwaka ule ule wa Durban, na kwao kriketi husimuliwa kama hadithi za majini. Kenya ilikuwa kundi moja na Afrika Kusini. New Zealand wakakataa kwenda Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya ikapewa pointi. Tarehe 24 Februari, Nairobi, Kenya ikawashinda Sri Lanka kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiangusha wiketi tano. Tarehe 1 Machi ilikuja hapa Wanderers ikawashinda Bangladesh kwa 32. Mwenyeji akatoka, Kenya ikasonga, ikaishinda Zimbabwe huko Bloemfontein, na tarehe 20 Machi ikasimama katika nusu fainali, uwanja ule ule wa Kingsmead, Durban, ambako siku 17 kabla yake Boucher alikuwa ameuzuia mpira wake. India walipiga 270, Sourav Ganguly peke yake 111. Kenya ikafika 179, nahodha Steve Tikolo 56.

"Na sisi hatukulia," mweka hazina akasema. "Kwetu walicheza ngoma. Tulijua tutarudi."

Hawakurudi. Mwaka 2004 wachezaji waligoma, Maurice Odumbe akafungiwa miaka mitano, viongozi wakavutana. Kombe la Dunia la mwisho kwa Kenya lilikuwa la 2011, na mwaka 2014 nchi ikapoteza hata hadhi ya kucheza mechi rasmi za kimataifa za siku moja. Kwa hiyo, akamwambia katibu, wewe una bahati. Una timu ya kukuvunja moyo. Sisi ya kwetu ilikufa bila matanga.

Ni hoja nzuri, na tungeiandikia safu nzima siku nyingine. Ila haikuwa ya saa ile. Mwenzetu wa Jinja naye akaingilia kuunga mkono, akakumbusha kwamba Uganda ilikuwa katika mashindano haya haya kwa mara ya kwanza, ikatolewa kwa mikimbio 39 na West Indies, 40 na New Zealand, na bado nyumbani watu walifurahi, kwa sababu waliwashinda Papua New Guinea, na kwa sababu Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, siku hiyo alirusha ova nne akatoa mikimbio minne tu na kuchukua wiketi mbili. "Sisi 39 tulishangilia," akasema, "nyinyi 169 mnalia."

Nyinyi, tena.

Katibu aliweka vikombe chini. Akasema kwamba kwao, anapokufa mtu, wanaokuja kutoa pole husema "akwehlanga lungehlanga", yaani hakijatokea kisichowahi kutokea. Maneno hayo hulifanya lile lililotokea kuwa la watu wote. Lakini hakuna anayeingia nyumba ya msiba akaanza kusimulia kwamba kwao wamekufa wengi zaidi. Hata sisi wa pwani na bara tunalijua hilo. Msibani mtu husema pole, akaketi, akanyamaza, akaulizia kama maji yapo.

Hapa tupumzike kidogo kwa jambo la msamiati, kwa maana ndilo lililotuokoa kwa muda. Kwa Kiingereza timu hii ina jina la kejeli, "chokers", watu ambao mambo yakifika kooni hukwama. Mwenzetu mmoja alidhani siku zote ni neno letu, kwamba wanaitwa hivyo kwa sababu wamechoka. Tukajiuliza Kiswahili chake ni nini. Wa kwanza akasema kupaliwa, kama mtu aliyekunywa maji yakaenda njia ya hewa. Wa pili akasema kusakamwa, kama na mwiba wa samaki. Wa tatu akasema hapana, ni kukabwa.

Tofauti si ndogo. Anayepaliwa kajitendea mwenyewe. Chai ni yake na koo ni lake. Anayekabwa kuna aliyemkaba. Dar es Salaam tunasema kapigwa roba, Nairobi wanasema ngeta, na mwanafunzi yeyote aliyetembea usiku peke yake katika mji huu anaelewa bila kamusi. Kejeli ile inadai kwamba Waafrika Kusini hupaliwa. Lakini hebu mtazame ova tano za mwisho. Bumrah alirusha mbili kati ya hizo, akatoa jumla ya mikimbio sita. Arshdeep Singh alirusha ya 19 akatoa minne. Mpira wa Miller ungekuwa sita kwa karibu mdakaji mwingine yeyote duniani. Kwa maoni ya safu hii walikabwa, na anayekabwa haulizwi kwa nini alikuwa na shingo. Kauli ya kutendwa ipo kwa kazi hiyo: walikabwa *na* Bumrah. Katibu aliiandika sentensi hiyo kwenye daftari, na hapo tukajua kwamba ameanza kutusamehe.

Mwenzetu wa Lenasia ndiye aliyeifungua mada upya, kwa kicheko. Alisema kwao hakuna aliyewahi kujua aseme "tu" gani. Babu yake, zama za ubaguzi wa rangi, alishangilia timu yoyote iliyokuja kucheza na Afrika Kusini, kwa sababu timu ile haikuwa yake. Sheria yenyewe ilisema haikuwa yake. Afrika Kusini waliporudi katika kriketi ya kimataifa Novemba 1991, mechi ya kwanza ikawa Kolkata, na India, na babu akashangilia India kwa mazoea, huku baba akishangilia Afrika Kusini kwa mara ya kwanza maishani. Waliketi sebule moja. Jumamosi ile vilevile mjomba mmoja alikuwa amevaa fulana ya bluu. "Sasa hivi nyumbani kuna mshindi na mshindwa, na chakula cha jioni ni kimoja," akasema.

Na katibu? Tulidhani kwake ni rahisi, ni mwenye nchi. Ndipo akatuambia jambo ambalo wengi wetu hatukuwahi kumuuliza. Kikosi cha watu 15 kilichokwenda kilikuwa na Mwafrika mweusi mmoja tu, Kagiso Rabada, mtoto wa Johannesburg. Lungi Ngidi alikwenda kama wa akiba. Kwao Soweto kulikuwa na mabishano ya mwezi mzima. Binamu zake walimwambia hiyo si timu yetu, ukiona "sisi" ujue ni wao. Yeye alibishana nao, akawatajia Makhaya Ntini, akawatajia Temba Bavuma, akawatajia uwanja wa Elkah pale Soweto ambako mjomba alimfundisha kushika bati. "Ile *tu* yangu nimeipigania mezani kwetu," akasema. "Nimekuja huku kwenu nayo. Halafu nyinyi mmeitumia saa nne, ilipoharibika mkanirudishia."

Hakuna aliyekuwa na la kujibu. Mweka hazina alikuwa anatazama miguu yake.

Aliyejibu ni mwenzetu wa Bukavu, ambaye kwa kawaida haongei mpaka aombwe. Alisema kwa heshima, akimwita "sisi", ambalo kwa Kizulu ni dada. Wanachama wapya wote hupita katika mtego huo: siku ya kwanza ya darasa mwalimu akiandika "sisi" ubaoni, wa kwetu wanasoma wingi na wa kwao wanasoma dada. Akasema, "Sisi, mimi nakuelewa. Lakini nami nikwambie. Shangazi yangu alikuwa anaishi Yeoville mwaka 2008." Mnakumbuka ilivyokuwa, au mmesoma: mwezi Mei ghasia zilianzia Alexandra, si mbali na Wanderers, zikasambaa, na watu zaidi ya 60 wakauawa, wakiwemo raia wa hapa hapa. Waliotiliwa shaka waliulizwa kiwiko kinaitwaje kwa Kizulu. Indololwane. Asiyelijua neno hilo, au aliyelitamka vibaya, si wa "sisi". "Shangazi alinifundisha neno hilo kabla hajanifundisha njia ya dukani," akasema. "Kwa hiyo nikiwa chumbani humu nitasema tunahitaji 30. Nikiwa kwenye teksi nitanyamaza, maana mtu akinisikia nasema *tumeshindwa* kwa lafudhi yangu, ataniuliza, nyinyi nani? Mimi kiambishi changu hakibadiliki kwa sababu ya mpira. Kinabadilika kwa sababu ya mlango."

Tuliandika maneno hayo kama alivyoyasema, kwa ruhusa yake.

Jumatatu tulimpelekea mhadhiri wetu wa sarufi kesi yote, tukitarajia atueleze kwamba zipo lugha zenye "sisi" mbili, moja ya kukujumuisha unayeambiwa na nyingine ya kukuacha nje, na kwamba Kiswahili hakina utenganisho huo. Alitueleza, ndiyo, kwa dakika kumi. Kisha akauliza jambo jingine: jirani yenu akifiwa, mkipigiwa simu muulizwe mbona kuna watu wengi mtaani, mnajibuje? Tukasema, tunajibu "tuna msiba". "Marehemu ni ndugu yenu?" Hapana. "Mnadanganya?" Hapana. "Haya," akasema, akarudi kusahihisha mitihani.

Safu hii haikubaliani naye moja kwa moja. Jirani anayesema "tuna msiba" anajulikana mtaani. Hakuna atakayemuuliza kiwiko. Mwenzetu wa Bukavu hajapewa mtaa huo bado, na si haki kumdai kiambishi ambacho mlangoni kinaweza kumponza. Ila sisi tuliokuwa ukumbini, mlango umefungwa, chai ya wote, hatukuwa na udhuru huo. Tuliogopa nini? Kwa kweli hatukuogopa. Ilikuwa rahisi tu. Mkimbizi wa kushindwa hahitaji pasipoti.

Na kuna jambo la kitenzi chenyewe ambalo limetusumbua tangu siku hiyo. Kushinda ni kupata ushindi, na ni kukaa mahali kutwa. Mtu akituuliza "mlishinda?" kuhusu Jumamosi ile, jibu linategemea anauliza lipi. Tulishinda pamoja jioni nzima. Mweka hazina alijaribu kumwambia katibu hivyo kwenye korido, kama utani wa kuomba radhi, na katibu akamwambia utani ni mzuri lakini radhi bado haijasikika. Akaomba radhi. Kwa Kizulu, vibaya sana, kwa lafudhi ya Kisumu, katibu akimsahihisha irabu moja baada ya nyingine.

Kikao cha maandalizi kilirudiwa Jumanne na kilifika mwisho wa ajenda. Bango lilibebwa na wawili hao. Oktoba 2024 wanawake wa Afrika Kusini walikuwa wacheze Kombe lao la Dunia la ova 20, na ukumbi ulikuwa umeshaombwa. Katibu ameandika tangazo mwenyewe na kumpa mweka hazina alisahihishe. Linaanza kwa neno "Tunacheza". Hakubadilisha kitu, ila chini yake ameongeza kwamba kila mtu aje na randi 20 za maandazi, na kwamba wanachama saba bado wanadaiwa za Juni.